Alenkii za baiskeli: chukua chache zinazokaa vizuri kwenye boliti

Baiskeli zile nyeusi za zamani ukiwa na spana mbili tatu za nati unamaliza karibu kila kitu, ila hizi za gia za mtumba ni habari nyingine, boliti nyingi kichwani zina tundu la pembe sita na bila alenkii (kile chuma cha pembe sita kilichopinda kama L) hata siti huipandishi.

Seti yangu ya kwanza niliichukua Kariakoo kwa bei chee, vipande kibao, vya milimita na vya inchi vimo humo humo. Siku nakaza usukani nikachomeka nikijua ni namba 5, yaani ya milimita 5, ikaingia bila shida, kuweka nguvu tu ikazunguka, kuchomoa tundu la boliti limelika limekuwa duara. Kumbe nilishika ya inchi, ile 3/16, ambayo ni milimita 4.76. Kwa macho huoni tofauti kabisa!! Fundi ilibidi agongelee biti ya nyota kwa nyundo ndo ikatoka.

Kwa hiyo ushauri wangu ndugu, achana na wingi wa vipande. Za kila siku ni 4, 5 na 6. Ongeza 2, 2.5 na 3 kwa skrubu ndogo za gia na breki, na 8 kwa krenki (mikono inayoshika pedali) na baadhi ya pedali (pedali ya kushoto inafunguka kinyume, usije ukailazimisha). Za inchi usinunue.

Ukienda dukani beba boliti moja ya baiskeli yako mfukoni. Chomeka alenkii halafu itikise, ikicheza cheza irudishe. Angalia na ncha, iwe imekatwa sawa, pembe zionekane kali. Maandishi ya CrV au S2 ni majina ya chuma kizuri kweli ila kupiga chapa yeyote anaweza, mimi naamini zaidi boliti yangu.

Zenye kichwa cha mviringo kwenye mkono mrefu ni tamu sana pale fremu inapokuzuia kuingiza wima, maana unazungusha kwa kuinamisha, lakini ni za kuzungushia tu, kukaza kwa mwisho geuza utumie ncha fupi iliyonyooka. Na boliti za usukani usizikamie kwa nguvu zote, nyingi zinataka kama Nm 5 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na mara nyingi wameandika pale pale zinapofungwa.

Halafu tundu lisafishe kwanza. Tope likikaa ndani alenkii haifiki chini, inashika juu juu tu na hapo hata iliyo bora italika, mimi natumia msumari mwembamba na mswaki wa zamani.

Ikianza kulika nchani usiitupe, peleka kwenye grenda waikate milimita chache iwe flati, waichovye kwenye maji kila mara isipate moto sana chuma kikalainika, pembe zinarudi kali kama mpya.