Maziwa yapo bibie, na mama mkwe muache apumue

Barua ya leo ni ya mama mwenye mtoto wa wiki saba, mtoto wa kwanza. Ni ndefu mno nimeikata, anasema hivi: "Shangazi, mama mkwe alikuja kunisaidia uzazi ila sasa amegeuka askari. Maziwa yangu machache, kila jioni mtoto analia, ananyonya haachii, nikaona nimpe ya kopo ashibe na mimi nipumzike. Mama kaficha chupa. Usiku yeye ndo analala na mtoto lakini ikifika saa nane ananigongea mlango eti ninyonyeshe. Naamka gauni limelowa maziwa, nimechoka, mtoto akishika ziwa nabana meno mpaka machozi yananitoka. Mume wangu anasema nimsikilize mama. Nimemwambia achague, mimi au mama yake. Mwezi ujao narudi kazini. Nifanyeje?"

Pole mwanangu. Uzazi wa kwanza unachosha, na usingizi wa kukatikakatika unamvuruga mtu akili, hilo nakupa. Sasa tuongee.

Hebu rudia kusoma ulichoandika mwenyewe. Maziwa machache, halafu unaamka gauni limelowa? Yaliyolowesha gauni yametoka wapi, kwa jirani? Na kingine, barua yote hiyo hujataja uzito wa mtoto hata mahali pamoja. Mama ambaye mtoto wake kweli hashibi, kitu cha kwanza anachoniandikia ni kilo, "Shangazi mtoto kliniki hapandi". We hukuandika, na mimi nahisi najua kwa nini, kadi inasema anapanda vizuri tu. Mtoto akilowesha nepi sita na zaidi kwa siku na uzito unapanda, huyo anashiba, alie asilie.

Hicho kilio cha jioni karibu kila mama anakipitia. Kuna vipindi, wiki ya tatu hivi, ya sita, mtoto anakua kwa kasi anataka ziwa kila baada ya muda mfupi, na jioni ndo inazidi. Ziwa linatengeneza kadiri linavyonyonywa, hakuna siri nyingine hapo. Sasa jioni hiyo ukimpa kopo, ziwa linakaa halijanyonywa, mwili unajua hayahitajiki unapunguza, baada ya siku kadhaa kweli yanakuwa machache na unaongeza kopo la pili, ukija kushtuka umemwachisha mtoto bila kukusudia. Sisemi kopo ni sumu, wapo akina mama wanaolihitaji kwa sababu za afya na wala hawana dhambi, ila wewe sababu yako ni kulala.

Na saa nane usiku nayo. Homoni inayotengeneza maziwa inapanda usiku kuliko mchana, kwa hiyo mama mkwe anayekugongea mlango saa hiyo anakulindia maziwa yako, japo hawezi kukwambia habari za homoni. Tena analala na mtoto yeye, anabadilisha nepi yeye, anabembeleza yeye, wewe unaitwa kwenye kunyonyesha tu ambako hakuna wa kukusaidia. Wenzio wanakesha peke yao bibie! Huyo ndo askari?

Ila kuna sentensi moja umeipitisha haraka haraka na kwangu mimi ndo barua yenyewe. Mtoto akishika ziwa unabana meno. Mwanangu, una maumivu, chuchu zimechanika, na hujamwambia mtu. Mume hajui, mama mkwe hajui, umeona aibu ukasingizia maziwa machache maana hiyo ni rahisi kusema. Mficha uchi hazai. Kunyonyesha hakutakiwi kukutoa machozi wiki ya saba, ukiona hivyo mara nyingi mtoto ananing'inia kwenye chuchu tu. Msubiri afungue mdomo wazi kabisa kama anapiga miayo, kisha mlete yeye kwenye ziwa, usijikunje we kumfuata, aingize na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, hasa ya chini, kidevu kigusane na ziwa, tumbo lake kwenye tumbo lako. Ikiuma usivumilie, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake aachie, anza upya. Ukimaliza kamua matone ya maziwa yako mwenyewe upake kwenye chuchu, acha zikauke. Ikishindikana nenda kwa nesi akuangalie mtoto akiwa ananyonya, asikupe maneno tu. Na siku ukiona ziwa limekuwa jekundu, la moto, na una homa, hospitali siku hiyo hiyo, huku unaendelea kunyonyesha, ukiacha ghafla ndo unaliharibu zaidi.

Mama mkwe naye si malaika, sitamsifia mpaka mwisho. Kwenye barua yako ile ndefu umesema anataka mtoto apewe maji kidogo kukiwa na joto. Hapo amekosea na umwambie kwa heshima, mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, na maziwa yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji. Ndivyo linavyosema Shirika la Afya Duniani, na baada ya hapo chakula kinaingia huku ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Mwende wote kliniki, nesi aseme yeye, hutaonekana unabishana.

Mume je? Wengi mtategemea nimkaange, simkaangi. Ameambiwa maziwa hayapo, anaona shuka zimelowa maziwa, ulitaka aamini nini? Mabinti wa siku hizi mmeingia kwenye ndoa na kauli ya "chagua" mfukoni kama kitambulisho, jambo dogo inatolewa. Hujakaa na mtu ukamwambia naumia, naogopa, nimechoka, tayari unataka mama yake apakie begi. Na wanaume nao wanajua kusema "msikilize mama" wakajigeuzia ukutani wakalala, kana kwamba kumletea mkeo maji ya kunywa usiku kunamvunja mtu mgongo. Ndoa zimejaa picha nzuri kwenye simu na ndani hakuna anayemwambia mwenzie ukweli. Leo usiku mwambie mumeo habari ya chuchu, kwa maneno hayo hayo, na ile kauli ya kuchagua uifute. Na kama una huzuni isiyoisha, unalia bila sababu wiki zaidi ya mbili, hiyo mwambie daktari, isije ikaitwa ukorofi wa mkwe.

Kuhusu kazi, anza mapema kukamua na kuhifadhi kwenye chombo safi chenye kifuniko. Yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa nje hadi masaa manne kama joto si kali, kwenye friji siku nne. Mtoto anaweza kulishwa kwa kikombe kidogo, wala hiyo chupa mnayogombania hailazimiki. Ukiwa kazini kamua mida ambayo angenyonya, ukirudi nyumbani mnyonyeshe, usiku pia. Sasa kabla hujamfungasha mama wa watu, niandikie barua nyingine fupi tu, hicho kikombe mwezi ujao atakishika nani?