Nyuzi tano zinatosha: albamu ya kwanza ya jazi na okestra ndogo

Ukitaja "jazi" hapa Tabora, wazee watakukumbusha Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, yaani muziki wa dansi. Haidhuru. Uwe unapiga swingi (mdundo wa jazi unaobembea) au rumba yenye chemko (sehemu ya kasi ya kuchezea), ukitaka kuweka vayolini nyuma ya tungo zako shida ni zilezile, na nyingi huanzia kwenye karatasi.

Usiote watu thelathini. Mpiga saksofoni Charlie Parker aliporekodi na nyuzi (yaani wapigaji wa ala za upinde) kule New York mwaka 1949, alikuwa na vayolini 3, viola 1 na selo 1, kisha obo, kinubi, piano, besi na dramu. Basi. Hizo vayolini 3 zina sababu yake: mbili zikipiga mstari mmoja, tofauti ndogo ya tyuni kati yao husikika kama sauti inayotetemeka, ikiingia ya tatu, inalainika. Ukipata wapigaji wawili tu, kila mmoja mpe mstari wake.

Ufunguo chagua mapema. Mpiga solo wa gitaa atataka E kwa sababu nyuzi zake zinalala vizuri pale, lakini mpiga saksofoni ya tena (tenor) atajikuta anasoma F# yenye shapu sita. D au G huwapatanisha: nyuzi zinaitika vizuri, na mwenye saksofoni ya tena anasoma E au A. Kumbuka saksofoni ya tena huandikiwa oktava na toni moja juu ya inavyosikika, tarumbeta toni moja juu, na besi oktava moja juu. Vayolini haishuki chini ya G iliyo chini ya C ya kati. MuseScore, programu ya bure ya kuandikia noti, itakupigia hata noti isiyopigika, kwa hiyo usiamini spika za kompyuta.

Wanakwaya wetu wengi husoma solfa vizuri sana, ila mpiga selo atakayepanda treni kutoka Dar anataka noti za mistari. Mtumie karatasi wiki mbili kabla. Mgeuzo wa ukurasa uangukie kwenye pumziko, la sivyo utarekodi mchakacho wa karatasi.

Sasa swingi. Kuandika neno hilo juu ya ukurasa hakumfanyi mpiga vayolini aswingi. Upinde huchelewa kidogo kutoa sauti kuliko fimbo ya dramu, kwa hiyo mistari ya haraka hubaki nyuma ya mdundo na watu huanza kulaumiana. Dawa ni kuwapa noti ndefu na majibu mafupi baada ya mwimbaji au saksofoni, na kuonyesha upinde unavyoshuka na kupanda. Kwenye chemko waambie wadonoe nyuzi kwa kidole; hapo wanaenda sambamba na gitaa la ridhimu.

Ukumbi ndio unaoharibu kazi nyingi. Bati likipigwa na mvua, hakuna maiki itakayokuokoa, hivyo kati ya Novemba na Aprili usipange siku ya mwisho bila siku ya akiba. Kiangazi nako bati hulia likipashwa na jua mchana na likipoa jioni. Rekodi kuanzia saa tatu usiku. Ukavu wa miezi hiyo husinyaza mbao na vikaza nyuzi vinateleza: tyuni kila baada ya wimbo, si mara moja tu.

Dramu usiweke chumba kimoja na nyuzi. Rekodi ridhimu kwanza, kisha nyuzi wakiwa na hedifoni. Maiki mbili zisimame mita 2 hadi 2.5 juu, mbele ya wapigaji, na nyingine moja karibu na selo. Magodoro yaegeshwe kwenye ukuta wa nyuma, si pande zote, maana ukumbi uliokufa kabisa, usio na mwangwi, huzifanya nyuzi tano zisikike tatu.

Hesabu na nafasi ya diski: kurekodi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 hula karibu MB 8.6 kwa dakika kwa kila maiki. Maiki 16 kwa saa moja ni zaidi ya GB 8, na nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine kabla umeme haujakatika.

Kabla watu hawajafungasha, waombe watulie, urekodi nusu dakika ya ukumbi mtupu. Fundi ataitumia kuziba kila mahali atakapokata kikohozi.