Pima chumba kwanza, lenzi baadaye

SWALI: Shikamoo mama. Nina studio ndogo hapa Mwanza, chumba cha mita tatu kwa nne. Natumia kamera ya Sony a6000 na lenzi iliyokuja nayo. Picha za pasipoti ndizo zinazonilipia pango, lakini natamani kupiga picha za sura zenye mvuto, mteja aonekane vizuri na nyuma pafifie. Lenzi mpya za kazi hiyo zimenishinda bei. Nimeonyeshwa tatu za zamani, zote za kufokasi kwa mkono: Helios 44-2, Jupiter-9 na Nikkor 105 ya f/2.5. Kila ninayemuuliza anaisifia yake. Nichukue ipi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi umenitajia ukubwa wa chumba, maana wengi huniandikia majina ya lenzi tu, na jina halinisaidii kumjibu mtu.

Chukua futi ya fundi. Mteja asikae akigusa ukuta. Muachie mita moja nyuma yake, la sivyo kivuli chake kitaganda ukutani na hakuna lenzi itakayokifuta. Katika mita nne zako zimebaki tatu. Wewe na kamera yako mnachukua karibu nusu mita. Kwa hiyo umbali wako wa kazi ni mita mbili na nusu, na ndio utakaokuchagulia.

Sensa ya a6000, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35 ambayo lenzi hizi zilitengenezewa, kwa hiyo kila moja itaona eneo jembamba zaidi, kwa kipimo cha mara 1.5. Helios ya milimita 58 itakuonyesha kile ambacho 87 ingeonyesha kwenye filamu. Jupiter ya 85 itakuwa kama 127, na Nikkor itapita 150. Ukisimamisha kamera wima kwa picha ya kichwa na mabega, Helios inahitaji kama mita 1.5, Jupiter kama 2.25, Nikkor kama 2.8. Unaona mwenyewe: Nikkor imeshatoka mlangoni. Jupiter inaingia, lakini utafanya kazi mgongo ukisugua ukuta, na mama akija na mtoto wa kupakata huna pa kurudi nyuma. Helios inakuachia nafasi ya kupumua. Picha ya mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, hata Helios itadai mita tano, kwa hiyo lenzi yako ya sasa usiiuze. Na pasipoti endelea kuzipiga kwa hiyo hiyo.

Chukua Helios.

Sikuambii hivyo kwa sababu bei yake ni rahisi, ingawa ni rahisi kweli. Wasovieti waliitengeneza kwa mamilioni na kuiuza pamoja na kamera za Zenit. Nakuambia kwa sababu ni lenzi nzuri. Mpangilio wa vioo vyake umetoka kwenye lenzi ya Biotar ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, iliyobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kwenye f/2, yaani tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi lote, katikati ya picha panasomeka vizuri huku ngozi ikibaki laini, na ukifunga hadi f/2.8 kope zinahesabika. Mimi picha za wazee napenda kuzipiga hapo hapo kwenye 2.8: mikunjo ya uso inabaki, maana ni yao na wameifanyia kazi, lakini haichongwi kwa ukali kama zifanyavyo lenzi nyingi za leo.

Umeambiwa bila shaka kwamba Helios huzungusha mandhari ya nyuma, majani yakaonekana kama yanamzunguka mtu. Ni kweli, ila mzunguko huo hutokea pembeni mwa picha, ambako mwanga unaopita kwa mshazari hukatwa na kingo za lenzi yenyewe. Sensa yako inachukua sehemu ya kati, hivyo sehemu kubwa ya mzunguko inabaki nje. Usiinunue kwa ajili hiyo. Siku ukitaka kuuona kiasi, mtoe mteja nje, mweke karibu nawe, na nyuma yake mita tano au zaidi kuwe na mwarobaini unaopenyeza jua kwenye majani. Ukuta mtupu hauna cha kuzungusha.

Sasa fokasi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakairudisha lenzi kabatini. Kwa picha ya kichwa na mabega kwenye f/2, sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita tano tu. Mtu aliyekaa kwenye stuli huyumba zaidi ya hapo anapopumua na kucheka. Mpe kiti chenye mgongo, aegemee. Kisha usiamini sana zile rangi ambazo kamera inachora kwenye kingo kukuonyesha palipo kali. Rangi hizo hufuata tofauti ya weusi na weupe, na wateja wetu huja na vitenge vyenye maua makubwa na misuko iliyochorwa vizuri. Kamera itakuwakia kwenye kola ya kitenge huku jicho limefifia. Tumia ukuzaji: vuta jicho lililo karibu nawe mpaka lijaze kioo, zungusha taratibu mpaka kope zikaze, piga. Kamera hiyo haina kitulizaji cha mtikisiko ndani yake, kwa hiyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Na kabla ya yote, kwenye menyu kuna mpangilio unaoiruhusu kupiga hata isipotambua lenzi. Usipouwasha itagoma, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Kwenye pipa la Helios 44-2 utakuta pete mbili za kurekebisha tundu. Moja unaiweka kwenye kikomo, tuseme f/4. Nyingine haina alama za kukwama. Inafungua hadi mwisho ili ufokasi kwa mwanga mwingi, kisha unaifunga mpaka igote kwenye kikomo, bila kuondoa jicho kwenye kamera. Ukizoea, vidole vinafanya vyenyewe.

Jupiter-9 nayo naipenda, tena sana. Imetokana na lenzi ya Sonnar aliyoibuni Ludwig Bertele, na tundu lake lina vipande 15 vya chuma, kwa hiyo hata ukilifunga kidogo linabaki duara na vitone vya mwanga nyuma vinabaki mviringo. Lakini mbele ya dirisha kali au ukuta mweupe inamwaga mwanga ndani yake, weusi unageuka kijivu, na ngozi nyeusi inapoteza ule utajiri wake. Hilo linaniuma nikiliona. Inahitaji kofia ya mbele na mpiga picha anayejua kuufukuza mwanga. Tena ni ngumu kuikusanya ikishafunguliwa; nyingi zilizoko sokoni zimepita kwa mafundi na zimerudi zikitoa picha zenye ukungu usiotibika. Ukija kuitaka siku ya kuhamia chumba kikubwa, ijaribu kwanza kwa kulenga mnara wa mbali. Usipokaza, mrudishie mwenyewe.

Nikkor 105 ndiyo inayotajwa kwenye ile picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, aliyoipiga Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi Pakistan. Kati ya hizo tatu ndiyo iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Chumba chako tu ndicho kinaikataa.

Helios unayoiangalia, zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito kama imekwama, grisi imekauka; inasafishika, lakini bei ipungue. Kwa kuwa imeundwa kwa skrubu ya M42, aina ya zamani ya kufungia lenzi kwenye kamera, utanunua adapta, yaani kiungo, ya M42 kwenda Sony E, mdomo wa kamera yako, isiyo na kioo ndani.

SWALI: Mama, kaka yangu ana Helios, mimi nina Nikon D3400. Nikipata adapta itafanya kazi? Nitumie pia kwa harusi.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa harusi, hapana. Lenzi ya M42 inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye sensa, na Nikon yako imeshaweka 46.5 kabla hata adapta haijaingia. Lenzi inakuwa mbali mno: Helios itafokasi hatua chache tu mbele yako na zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu. Adapta zenye kioo hurudisha umbali, lakini kioo cha bei nafuu huharibu picha. Picha za sura za karibu utapiga. Bibi harusi akiingia ukumbini utamkosa.

Wewe ndiye wa Nikkor 105, mwanangu. Ni ya Nikon, inaingia moja kwa moja. Kamera yako haitapima mwanga kwa lenzi hiyo, kwa hiyo weka M, yaani upange mwanga mwenyewe, piga moja, angalia kwenye kioo, rekebisha. Kitone cha kijani ndani ya kitafutio, kile kidirisha unachochungulia, kitawaka fokasi ikikaa.

Na kwa kuwa uko pwani: kabla ya kulipa, fungua tundu lote, washa tochi nyuma ya lenzi na utazame ndani kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, iache. Ukiipata safi, usiitunze kwenye mkoba wa ngozi, ngozi hushika unyevu. Itie kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila masika yakianza.