Mlango ukianza kukwama msimu wa mvua, usikimbilie randa

Nyie mnaoanza kazi za saiti, hasa mnaojenga nyumba za chini zisizo na ghorofa, kabla hujauliza nondo ngapi uliza kwanza udongo gani. Mimi sikuuliza. Kazi yangu ya kwanza kusimamia mwenyewe nilikuta mfinyanzi mweusi umepasukapasuka kwa jua mpaka mkono unazama kwenye ufa, ukipiga sururu inadunda, nikafurahi kabisa nikijua nimepata ardhi ngumu. Kumbe zile nyufa ndo dalili yenyewe ya udongo unaovimba na kusinyaa. Na msidanganywe na rangi, upo wa kijivu na wa kahawia wenye tabia hiyohiyo.

Iko hivi, ndani ya udongo huo kuna madini, lile sugu linaitwa montimorilonaiti, yamepangana kama kurasa nyembamba sana, maji yakipenya kati ya kurasa zinaachana udongo unavimba, yakitoka unasinyaa. Nguvu yake inaweza kuzidi uzito wa nyumba ya kawaida ikainyanyua, ndo maana nyumba nyepesi inaumia kuliko jengo zito. Ila ungevimba wote sawasawa nyumba ingepanda na kushuka nzima, wala usingejua. Tatizo ukishamwaga jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, udongo wa katikati umefunikwa, unyevu wake unabadilika polepole, wa pembeni unalowa na kukauka kila msimu, kwahiyo kona zinacheza katikati ikiwa imetulia. Nyufa zinaanzia kona za madirisha zinapanda kimshazari, ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali.

Ile nyumba yangu, mvua zimekolea napigiwa simu mlango wa chumbani haufungi. Nikatuma fundi akauranda. Kiangazi napigiwa tena, sasa mlango una pengo kidole kinapita! Ufa wa ukutani nao niliujaza saruji wakati umefunguka, mvua iliporudi ukataka kujifunga ukakutana na saruji, plasta ikabenuka ikadondoka kipande kizima. Siku hizi nikiona ufa nachora mstari wa penseli unapoishia, naandika tarehe na upana, nasubiri mvua na kiangazi vipite ndo naongea.

Kuna kipimo cha haraka unaweza kufanya mwenyewe. Udongo mkavu uliosagwa na kuchekechwa laini, mililita 10, unaumimina taratibu kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji, unauacha masaa 24. Ukikuta umefika alama ya mililita 20 maana yake umevimba asilimia 100, hapo simamisha kazi umtafute injinia. Maabara watakupa pia namba ya unyumbufu (plasticity index), inayoonyesha udongo unabaki wa kufinyangika kwa tofauti kubwa kiasi gani ya unyevu, ikizidi 35 ujue una kazi. Chukua sampuli za kina tofauti, sio za juu tu.

Dawa zipo. Kuchanganya chokaa, mara nyingi asilimia 3 mpaka 8 ya uzito wa udongo mkavu. Rafti yenye biimu, yaani msingi wa zege moja chini ya nyumba nzima lenye mihimili. Kuchimbua na kujaza udongo mwingine, lakini hapa wengi wanachemka, wanachimba shimo wanajaza mchanga, mchanga unapitisha maji na mfinyanzi wa chini hauyatoi, umejitengenezea beseni chini ya nyumba. Jaza kitu kinachoshindilika na kisichopitisha maji kirahisi, tabaka kwa tabaka. Au nguzo zinazoshuka kuvuka kina ambacho unyevu hubadilika kwa misimu, na chini ya biimu unaacha uwazi ili udongo ukivimba upate pa kwenda. Huo uwazi ulinde kwa macho yako, mimi nilitoka kidogo tu kurudi nikakuta fundi kaujaza kifusi vizuri kabisa, eti aliona kumebaki wazi akanisaidia.

Baada ya hapo ni maji tu. Ya paa yaende mbali, sakafu ya nje kuzunguka nyumba hata mita 1 na nusu yenye mteremko, bomba linalovuja litengenezwe siku hiyohiyo, bustani isigande ukutani. Mti upande mbali angalau kwa urefu utakaofikia ukikomaa, maana mizizi inakausha udongo. Ila ukikuta mti mkubwa wa zamani kwenye kiwanja usiukate leo kesho ukachimba msingi, ile sehemu ilikuwa imenyonywa maji miaka yote, mti ukiondoka inaanza kulowa na kuvimba upya, inaweza kuchukua miaka, na wewe umeshapaka rangi.