Breki ilikuwa nzima

Mwanangu,

Sauti uliyotuma Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya tatu mama yako akiwa kando yangu. Unasema daktari amekukuta na presha ya macho, glakoma, na unataka kujua kama utaendelea kuendesha lori, na kwa muda gani. Kwa kuwa mimi ni kipofu mwaka wa 25 sasa, unadhani jibu ninalo mfukoni. Barua hii anaiandika binti ya dada yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze neno.

Kwanza nikuulize: siku ya breki unaikumbuka?

Utaisahau vipi na kovu liko kidevuni. Hapa nyumbani hata leo mtu akimwaga chai au akisahau ufunguo, mnasema "breki ya Mzee", mnacheka. Mimi pia hucheka. Basi leo nakwambia: breki ilikuwa nzima.

Ilikuwa 1988, mwaka mmoja baada ya serikali yetu ya Uganda kukata sifuri mbili kwenye pesa. Wewe ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunakwenda kwa bibi yako, tumeshika barabara ya Majanji kwa baiskeli, wewe nyuma kwenye keria umekumbatia furushi la sare za shule nilizokuwa nazipeleka kwa mteja. Barabara tupu, asubuhi, jua halijawa kali. Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni upande wa kushoto, besheni la mukene, wale dagaa wa ziwani, kichwani, anangoja tupite. Sikumwona. Angalia ninavyosema: si kwamba nilimwona nikachelewa kushika breki. Sikumwona kabisa. Nilisikia besheni kwanza, halafu nikajikuta chini.

Mukene walitawanyika kwenye murramu, wanang'aa kama shanga za gauni la harusi. Wewe unalia, damu kidevuni, na sare za watu zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Yule mama alikuokota wewe kabla ya kuokota samaki wake, akakukandamiza kidevu kwa leso yake. Ndipo akanigeukia: "Baba, si ulikuwa unaangalia huku huku?"

Nikamwambia, "Breki. Breki imekatika."

Lilitoka lenyewe. Ningeweza kusema usingizi, ningeweza kusema shimo. Nikasema breki, na tangu siku ile ikawa kweli ya ukoo mzima. Nilimlipa mukene wake kwa pesa ya kitambaa, na tuliporudi mjini Busia nikaipeleka baiskeli kwa fundi, maana uongo nao unataka kutunzwa. Fundi akabonyeza breki ya mbele, akabonyeza ya nyuma, akazungusha gurudumu, akanitazama. Hilo nililiona vizuri, alikuwa mbele yangu. Kisha akaweka raba mpya na kuchukua hela yangu bila kuuliza kitu. Miaka mingi nilimchukia mtu yule kwa kunyamaza kwake, kana kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

Watu hudhani upofu wa namna yetu unaingia kama pazia, giza likianzia pembeni. Hakuna giza. Kile usichokiona hakina rangi yoyote, hata nyeusi, hakipo tu, na barabara unaiona imetimia. Mimi niliendelea kutunga uzi kwenye sindano bila miwani miaka kadhaa baada ya siku ile. Fundi gani mwenye macho mabovu anatunga uzi mara moja? Lakini nikitoka varandani, wale vijana wa boda wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu na sukari kati ya forodha mbili, kila wiki mmoja ananigonga ubavuni, na mimi ndiye ninayetukana. Nilisema vijana wameharibika. Mama yako alisema nimekuwa na kiburi, napita watu bila salamu. Duka moja la miwani, jina silitaji, liliniuzia miwani mara mbili.

Nilipofika hospitali kule Tororo kupimwa macho ilikuwa 1994, jicho la kushoto limebaki tundu la ufunguo. Muuguzi ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha daktari. Jicho lina maji ndani, yanatengenezwa na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikibana, maji yanakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, nao mshipa ule ukifa haufufuki. Nikamwuliza, mbona jirani yangu muuza mchele alipasuliwa, akawekewa lenzi, akarudi anahesabu punje? Akasema yule alikuwa na mtoto wa jicho, wewe una kingine. Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyekufa haoni. Mama yangu, nikasema, lakini yeye ilikuwa uzee. Hakunijibu.

Jino hukuita, jicho halikuiti. Najua mmechoka kunisikia nikisema hivi. Huyu mwandishi wangu anacheka hapa, lakini andika. Jino likikuuma usiku, asubuhi uko kwa daktari. Jicho linakwisha miaka kumi na wewe unalala usingizi mzuri.

Sasa usiku hujiuliza: ningesema ukweli 1988, ingekuwaje? Nusu yangu inajibu kwamba isingekuwa kitu. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inanyanyuka, dawa ya matone ningeipata wapi, kwa hela ipi, mwezi baada ya mwezi? Nusu nyingine inasema Tororo haikuwa mbali, na sikwenda kwa sababu sikutaka fundi cherehani asemwe kwamba haoni. Wiki hii nusu ya pili inashinda. Wiki ijayo sijui.

Wewe umepimwa, presha 28 na 31, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Umewahiwa kuliko mimi, lakini matone hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki, na yanalinda siku unazoyatia tu. Tone moja linatosha. Ukishatia, fumba jicho, bonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isiteremke kooni. Kama ni dawa mbili, ngoja dakika tano katikati. Na umemwambia daktari kwamba ulikua na pumu? Nakufahamu, hukumwambia. Kuna tone linaitwa timolol, wengi huanzishiwa hilo, na linaweza kumbana mwenye pumu mpaka akose pumzi. Mpigie simu kabla hujafungua chupa. Dada yako na kaka zako wote waliopita 40 nimeshawaambia waende wapimwe. Mmoja ameenda.

Haya, lori.

Nimemwahidi mama yako sitakuamulia. Una watoto watatu shuleni, mkopo wa lori haujaisha, na mimi siwezi kukaa Busia kwenye kiti cha plastiki nikamnyang'anya mwanaume wa miaka 44 usukani wake. Kwa hiyo siamui. Ila nakumbuka kwamba mimi nikikosea kukata suruali, niliishona kaptura, mteja akanung'unika, yakaisha. Sina haja ya kuendelea.

Kuna kipimo wanakuweka mbele ya mashine, unatazama nukta moja katikati, vitaa vinawaka pembeni kimoja kimoja, na kila ukikiona unabonyeza. Mashine hiyo ndiyo inayojua ulichopoteza, kwa sababu wewe mwenyewe hujui. Unasema hukupimwa kwa kuwa umeme ulikatika, ukaambiwa urudi, hukurudi, ulikuwa na mzigo wa Mombasa. Halafu unajipa moyo kwamba herufi za ukutani ulizisoma zote mpaka mstari wa chini. Mwanangu, asubuhi ile ya mukene hata mimi ningezisoma zote.

Usidhani nakutisha kwa maisha yangu. Mishono iliyonyooka bado naipiga mwenyewe, mguu unaijua cherehani. Mama yako anakata, huyu mwandishi ananitungia uzi. Sokoni nakwenda na fimbo yangu nyeupe, na anayetaka kunisaidia nashika kiwiko chake mimi, yeye hanishiki, maana anayekushika mkono anakuburuta kama mbuzi. Kazi ipo. Hata kwenye magari kuna kazi isiyo ya usukani, lakini nimesema siamui.

Jambo moja tu, nalo si langu, ni la mama yako. Mwishoni mwa ile sauti umesema kwa utani kwamba taniboi wako siku hizi ndiye anayekuangalizia upande wa kushoto, anakwambia "mtu, mtu", mnacheka. Mimi nilikuwa nimelipitia neno hilo mara mbili. Mara ya tatu mama yako akanishika goti, akasema irudishe nyuma. Anauliza huyo kijana anaitwa nani, na ana simu gani. Anataka kuongea naye yeye mwenyewe, kabla hujapakia mzigo wa Alhamisi.

Baba yako,
Busia