Maswali ya Wasomaji: Mashabiki Walimkubali, Klabu Zikasita

Katika toleo lililopita tuliandika habari za Carl Nassib, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyetangaza tarehe 21 Juni 2021, akiwa bado mchezaji wa Las Vegas Raiders, kwamba yeye ni mwanamume anayependa wanaume wenzake. Barua zimetufikia kwa wingi, na zile zenye matusi tumeziweka kando. Nne zifuatazo zimeandikwa na watu wanaotaka kujua jambo, au wanaotupinga kwa hoja, na wote hao wanastahili majibu.

Bwana Mhariri, salaam. Mimi na wenzangu hukesha kutazama fainali ya Super Bowl, ambayo kwa saa zetu huanza saa nane na nusu usiku. Tumebishana sana kuhusu Michael Sam. Mmoja wetu asema aliachwa kwa sababu ni shoga, mwingine asema hakuwa na kiwango cha kucheza ligi kuu. Ni yupi aliyesema kweli? – Kijana, Likoni

Ndugu yangu, wenzako wote wawili wana ushahidi wao, na nitautaja wa kila mmoja kabla ya kusema ninaloliamini mimi.

Sam alikuwa mlinzi wa Chuo Kikuu cha Missouri, na kazi yake ilikuwa kumkimbilia mrushaji wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajauachia mpira. Msimu wa 2013 aliandikiwa maangusho 11.5, nusu ikiwa ni pale wachezaji wawili wanapogawana sifa, akaongoza ligi yote ya vyuo vya kusini-mashariki, ambako ushindani ni mkali mno. Agosti ya mwaka huo, kabla msimu haujaanza, alikuwa amewaeleza wachezaji wenzake na makocha wake kwamba anapenda wanaume. Kikosi kizima kiliitunza siri hiyo hadi msimu ukaisha, kikashinda mechi 12 kati ya 14, na katika mechi ya mwisho dhidi ya Oklahoma State ni Sam aliyeupangua mpira mkononi mwa mrushaji katika dakika za lala salama, mwenzake akauokota na kukimbia nao hadi kufunga. Watu hutuambia kwamba mchezaji wa namna hii huvunja umoja wa timu, na mimi sijaona mfano unaoijibu hoja hiyo kwa nguvu kuliko msimu ule wa Missouri.

Tarehe 9 Februari 2014 Sam alijitangaza mbele ya taifa zima. Siku chache baadaye, kikundi kidogo cha kanisa moja kutoka Kansas, kinachojulikana kwa kuzunguka na mabango ya chuki, kilifika chuoni kumpinga, na wanafunzi kwa mamia wakatoka katika baridi wakasimama bega kwa bega na kujenga ukuta wa watu. Mwezi Mei ulipofika wakati wa klabu kuteua wachezaji wapya, walichukuliwa vijana 256, na jina lake likaitwa na St. Louis Rams likiwa la 249. C.J. Mosley, ambaye mwaka huo alitajwa pamoja naye kuwa mlinzi bora wa ligi ile, aliitwa wa 17.

Sasa nimpe haki yake yule mwenzako wa pili. Katika majaribio ya kabla ya uteuzi Sam alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.91, kasi ambayo ni ndogo kwa mtu wa nafasi yake, na umbo lake lilikuwa dogo kwa mstari wa mbele. Rams nao walikuwa na safu nzuri ya ulinzi yenye watu kama Robert Quinn na Chris Long, na wachezaji wengi wa raundi ya saba, iliyo ya mwisho katika uteuzi, huachwa kila mwaka bila mtu kuuliza sababu. Sam aliwaangusha warushaji mara tatu katika mechi za maandalizi, lakini tarehe 30 Agosti aliachwa. Dallas Cowboys walimweka katika kikosi cha mazoezi hadi Oktoba, wakamwachilia. Mwaka 2015 alicheza mechi moja tu huko Kanada na Montreal Alouettes, kisha akaondoka akisema anahitaji kuitunza afya ya akili yake.

Ninaloliamini ni hili: kiwango chake kingeweza kumteremsha raundi kadhaa, lakini hakitoshi peke yake kueleza kwa nini mlinzi aliyeongoza ligi ngumu namna ile alikaribia kukosa kabisa kuteuliwa. Mara tu baada ya tangazo lake, viongozi kadhaa wa klabu walizungumza na jarida la michezo la Marekani kwa sharti la kutotajwa majina, wakasema wazi kwamba thamani yake imeshuka na kwamba vyumba vya kubadilishia nguo haviko tayari. Julai ya mwaka huo Tony Dungy, kocha mstaafu aliyekwisha kushinda Super Bowl, alisema yeye asingemteua, kwa kuwa asingetaka kushughulika na mambo yatakayofuata, ingawa alikiri kwamba Sam anastahili nafasi ya kucheza. Na hawa walikuwa wakisema hayo katika nchi ambayo wananchi wake walikwisha kuwatangulia. Kura za maoni za Gallup zilionyesha kuwa mwaka 1996 Wamarekani waliokubali ndoa za watu wa jinsia moja walikuwa asilimia 27. Kufikia 2014 walikwisha kuvuka nusu, na mwaka 2023 walikuwa asilimia 71. Hofu ilikuwa imehama viwanjani na kubaki ofisini.

Hapa ndipo Nassib anapotofautiana na Sam. Wewe ni mtu wa Mombasa na unajua tofauti ya kibarua anayesimama langoni mwa bandari alfajiri akingoja kuitwa, na mfanyakazi ambaye tayari ana kazi ya kudumu: akisema neno lisilompendeza msimamizi, yule wa kwanza haitwi tu, wala hakuna atakayelazimika kutoa sababu. Sam alisema akiwa langoni. Nassib alisema akiwa na misimu mitano mguuni na mkataba wa miaka mitatu uliotajwa kuwa wa dola milioni 25. Siku iliyofuata jezi yake iliongoza kwa mauzo katika duka kubwa la mtandaoni la vifaa vya michezo, na tarehe 13 Septemba 2021, mechi ya kwanza ya msimu ilipoingia muda wa nyongeza, ni yeye aliyemkumba Lamar Jackson, mrushaji wa Baltimore Ravens, na kuupangua mpira, Raiders wakashinda 33 kwa 27.

Mwezi mmoja baadaye kocha wake, Jon Gruden, alijiuzulu baada ya kuchapishwa barua pepe zake za miaka ya nyuma zilizojaa matusi ya rangi, ya wanawake na ya mashoga, na mojawapo ililalamika kwamba Rams walishinikizwa kumteua Sam. Kocha huyo huyo alikuwa amemsifu Nassib hadharani mwezi Juni. Nassib aliomba siku moja ya mapumziko ili ayatafakari hayo. Mpelekee habari hii mwenzako anayesema ni suala la kiwango tu, kwa maana inaonyesha yaliyokuwa yakisemwa mahali ambapo mchezaji hawezi kusikia.

Mhariri mpendwa, je, Nassib alikuwa wa kwanza? Haiwezekani kwamba katika ligi ya miaka mingi hivyo hakuwahi kuwapo mwingine. – Mwanafunzi, Tudor

Dada yangu, walikuwapo. Nassib ni wa kwanza kucheza mechi za msimu wa ligi kuu baada ya kujitangaza, lakini Dave Kopay, aliyecheza misimu tisa, alijitokeza Desemba 1975, miaka mitatu baada ya kustaafu. Alitamani kuwa kocha, hakupata mlango, akaishia katika biashara ya kuuza vitandiko vya sakafu. Esera Tuaolo, mtu wa asili ya Samoa aliyelelewa Hawaii, alisema mwaka 2002, naye pia akiwa amekwisha kutundika viatu. Ryan O'Callaghan, jitu la mstari wa mbele wa New England Patriots na Kansas City Chiefs, alieleza mwaka 2017 kwamba alikuwa amepanga kujiua mara tu uchezaji wake utakapofika mwisho, kwa kuwa mchezo ndio uliokuwa kificho chake na hakuona maisha baada yake. Msaada wa mtaalamu aliyepata katika klabu ulimwokoa. Naomba uisome sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu ukimya wa wachezaji hawa mara nyingi huhesabiwa kuwa dalili kwamba hawapo.

Mhariri, sisi hapa ni watu wa dini na sheria yetu ya nchi iko wazi. Jarida la michezo lina haja gani ya kutuletea mambo haya ya Wamarekani? Mnataka kuwafunza nini vijana wetu? – Mzee, Mji wa Kale

Shikamoo mzee wangu. Umeandika kwa heshima nami nakujibu kwa heshima. Sikuandika ili kumtoa mtu katika imani yake, na sheria unayoitaja naijua: vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya wanaume kwa wanaume, vingalipo, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Lakini sheria ya Kenya haikuishia hapo. Kifungu cha 28 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa, na Mahakama ya Rufaa iliyoketi papa hapa Mombasa mwezi Machi 2018 iliamua kwamba kuwapima watu miili yao kwa nguvu kwa kuwashuku kuwa mashoga ni kinyume cha Katiba. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba jambo fulani ni dhambi, na bado sheria ikamkataza kumdhalilisha anayemshuku.

Hata huko Marekani waumini hawakuwa na kauli moja. Dungy niliyemtaja ni mtu wa dini sana, na pamoja na maneno yake aliona Sam ana haki ya kucheza. Brendon Ayanbadejo wa Baltimore Ravens, ambaye baba yake anatoka Nigeria, aliunga mkono ndoa za jinsia moja waziwazi mwaka 2012, na mjumbe mmoja wa baraza la jimbo la Maryland, aliyekuwa pia mchungaji, akamwandikia mmiliki wa klabu akitaka mchezaji huyo anyamazishwe. Klabu haikumnyamazisha.

Unauliza vijana wetu watajifunza nini. Naomba uisome barua inayofuata, iliyotoka katika uwanja ulio mwendo mfupi kutoka kwako, kwa maana ndiyo iliyonifanya niendelee na mada hii.

Bwana Mhariri, mimi ni kocha wa timu ya vijana. Ninaye winga wa miaka 19, mwenye mbio na adabu. Kwa sababu ya sauti yake na mwendo wake wenzake humwita majina mabaya, hawataki kubadilisha nguo pamoja naye, na sasa hawampi pasi. Wazazi wawili wametishia kuwaondoa watoto wao. Mimi sijui lolote kuhusu maisha yake. Nimwulize? – Kocha, Changamwe

Kocha wangu, usimwulize. Swali hilo limewaaibisha watu wakubwa kuliko sisi. Mwaka 2013 mchezaji aliyekuwa akitafuta klabu, Nick Kasa, alisimulia kwamba katika mahojiano aliulizwa kama anapenda wasichana, na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaiandikia ligi kutaka maelezo, kwa kuwa mkataba wa 2011 kati ya ligi na wachezaji ulikwisha kupiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo. Mwaka 2016 kocha msaidizi wa Atlanta Falcons alimwuliza Eli Apple swali la namna hiyo hiyo, na kocha mkuu akalazimika kuomba radhi hadharani. Winga wako hana deni la jibu hilo kwako wala kwa mzazi yeyote.

Nitakupa mfano wa mtu wa kazi yako. Vince Lombardi, ambaye kombe la Super Bowl limepewa jina lake, alikuja kuifunza timu ya Washington mwaka 1969. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku na kocha mkali kupindukia, na alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja aliyependa wanaume. Aliwaonya wasaidizi wake kwamba yeyote atakayesikika akiudhihaki uanaume wa mchezaji atafukuzwa papo hapo. Katika kikosi kile alikuwamo Jerry Smith, ambaye hakuwahi kujitangaza hadi alipofariki kwa Ukimwi Oktoba 1986, lakini waliokuwa karibu naye walijua. Chini ya Lombardi timu ilipata msimu wake wa kwanza wa ushindi tangu 1955, na Smith alistaafu akiwa na mabao 60, rekodi ya nafasi yake iliyodumu zaidi ya miaka 20.

Angalia kwamba Lombardi alianza na wasaidizi wake kabla ya wachezaji. Nawe anza na msaidizi wako na nahodha, kwa maana wachezaji humtazama nahodha kabla ya kutukana na kabla ya kunyamaza. Kisha itangaze kanuni moja ya matusi kwa wote, iwe ni ya kabila, ya dini au ya uanaume, bila kumtaja winga huyo, ili asigeuzwe kuwa mada ya kikao. Suala la pasi ni la kiufundi na una mamlaka nalo kamili: anayemwona mwenzake yuko huru akamnyima mpira kwa makusudi, mtoe, hata akiwa ndiye mfungaji wako bora na hata mechi ikipotea. Wazazi waite mmoja mmoja, uwaeleze kwamba unafunza mpira na nidhamu, na kwamba hutajadili maisha ya kijana wa mtu mwingine kama usivyojadili ya wao. Akitishiwa kupigwa, usilimalize jambo hilo uwanjani. Ongea naye faraghani kwanza, umwulize ni mtu gani mzima anayemwamini, na umsindikize nyumbani baada ya mazoezi hadi hali itulie.

Jumamosi mpange katika nafasi yake ya kawaida.