"Dragoon" kama kitenzi: maana, matumizi na asili yake

Chukua sentensi hii ya Kiingereza yenye kitenzi "dragoon": "She dragooned her brothers into painting the house." Kwa Kiswahili cha kawaida: aliwaburuza kaka zake wakapaka nyumba rangi. Nimechagua "kuburuza" badala ya "kulazimisha" kwa makusudi. Ukisema wajumbe wameburuzwa kwenye kikao, kila mtu anaelewa kwamba hawakupigwa wala kufungwa kamba, ila walibanwa na kusukumwa mpaka wakakubali wasilolitaka. "Dragoon" ya leo iko hapo hapo.

Matamshi: dra-GUUN. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, na ile "a" ya kwanza hutamkwa kwa ulegevu, karibu imezwe.

Muundo ndio unaowaangusha wengi. Unahitaji mtu anayelazimishwa, kisha "into", kisha kitenzi chenye -ing: "dragooned them into painting". Wengi huandika "dragooned them to paint" kwa kufuata "force", ambayo kweli huchukua "to": "forced them to paint". "Compel" nayo huchukua "to". "Coerce" kwa kawaida huenda na "into". "Make" haitaki chochote katikati, "made them paint", lakini ukiigeuza kuwa ya kutendwa "to" inarudi: "they were made to paint". Baada ya "into" waweza pia kuweka nomino: "dragooned into service". Na kinacholazimishwa lazima kiwe mtu au kundi la watu. Mlango uliokwama utaufungua kwa "force", kamwe si kwa "dragoon".

Asili yake ni nzito kuliko matumizi ya leo yanavyoonyesha. Mzizi ni neno la Kifaransa "dragon", yaani joka. Bunduki fupi iliyotema moto ilipewa jina hilo, na askari waliopanda farasi wakiwa na silaha hiyo wakaitwa vivyo hivyo. Waingereza waliligeuza kuwa "dragoon", kama walivyogeuza "ballon" ya Kifaransa ikawa "balloon".

Kitenzi kilizaliwa kutokana na sera ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Mwaka 1681, katika jimbo la Poitou, msimamizi wa kifalme René de Marillac alianza kuweka askari wa farasi majumbani mwa Waprotestanti. Mwenye nyumba alipaswa kuwalisha na kuwapa malazi, nao waliachiwa wavunje samani, wapore, wawatese wenyeji. Walipiga ngoma usiku kucha ili watu wasilale. Aliyekubali kuwa Mkatoliki aliondolewa mzigo huo. Huo ndio ukatili wa mpango wenyewe: familia iligeuziwa nyumba yake ikawa jela, na ufunguo ulikuwa kuikana imani. Mwaka 1685 mbinu hiyo ilienezwa majimbo mengine, na Oktoba mwaka huo mfalme akafuta Amri ya Nantes ya 1598, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu. Maelfu kwa maelfu walitoroka nchi, baadhi yao wakiingia London, hasa eneo la Spitalfields. Kitenzi kinaonekana katika Kiingereza kuanzia miaka hiyo hiyo ya mwisho ya karne ya 17, kwanza kwa maana ya kuwatesa watu kwa kuwawekea askari.

Kadiri muda ulivyopita kimelegea. Leo utakikuta zaidi watu wakilalamikia kazi waliyobambikwa, na mara nyingi kwa kauli ya kutendwa: "I was dragooned into keeping the accounts", yaani nimebebeshwa hesabu za kikundi bila hiari yangu. Kwa hiyo, kama unaandika ripoti kuhusu mtu aliyeteswa ili akiri kosa, kiache. Andika "He was coerced into confessing". Kwenye barua ya ofisi au insha ya mtihani, "compel" na "force" ni salama zaidi.